Sura ya 4: Maandishi Yenye Anwani

“Wanaandika tu huko mtandaoni. Kimebadilika nini?” Swali hili huulizwa kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa na hata kwenye vyumba vya habari, na mara nyingi anayeuliza tayari ana jibu lake. Hoja yake ni rahisi kuifuata: kura nyingi hupigwa na watu ambao hawajawahi kufungua blogu hata moja, viongozi hupita na misafara yao bila kujua nani kawaandika, na mwandishi mwenyewe akishamaliza huzima kompyuta akaenda kulala. Mtetezi wa wanablogu akiambiwa ataje waziri mmoja tu aliyeondoka kwa sababu ya blogu, huanza kubabaika.

Nadhani anababaika kwa sababu amelikubali swali kama lilivyoulizwa. Tukitafuta blogu iliyoangusha serikali Afrika Mashariki hatutaipata. Tukitafuta mahali ambapo neno la raia wa kawaida lilipata pa kukaa, likarudiwa, likanukuliwa, likapingwa, na mwenye mamlaka akalazimika kulijibu, mifano ipo tele. Dai la sura hii ni moja: nguvu ya blogu katika siasa haipimwi kwa kuhesabu wasomaji. Inatokana na kwamba kilichoandikwa humo kina anwani.

Blogu ni kitu gani hasa

Blogu ni tovuti ya mtu mmoja au kikundi kidogo, ambamo andiko jipya hukaa juu na la zamani hushuka chini. Kila andiko lina tarehe, lina nafasi ya wasomaji kuweka maoni, na lina anwani yake ya mtandaoni, yaani yale maneno na alama ambazo ukizibofya zinakupeleka pale pale lilipo, leo au baada ya miaka 5. Watu wengi huruka sifa hii ya mwisho wanapoeleza blogu, ilhali ndiyo inayoitofautisha na porojo. Maneno ya kijiweni, hata yakiwa ya kweli tupu, hubadilika kila yanapopita kinywa kingine, na kufikia jioni hakuna anayejua nani aliyasema kwanza wala alisemaje. Andiko lenye anwani mtu anaweza kulirudia akalisoma upya, akamwonyesha mwenzake, akauliza: hapa umesema shilingi ngapi, na leo unasema ngapi?

Kiswahili kiliingia mapema katika uwanja huu. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili, na aliipa yake jina la Jikomboe. Wenzake wa wakati ule walipendekeza chombo hiki kiitwe gazeti-tando. Jina hilo halikushika, lakini linaonyesha walikielewaje: waliona gazeti, isipokuwa ni gazeti ambalo mwenye nalo hahitaji mtambo wa kuchapia, gari la kusambaza wala tangazo la kampuni.

Karatasi zilizorudufiwa za mwaka 1958

Anayedhani maandishi yenye wasomaji wachache hayawezi kuigusa dola na aitazame Sauti ya TANU. Lilikuwa jarida dogo la chama, karatasi zilizopigwa taipu na kurudufiwa, mhariri wake akiwa Julius Nyerere mwenyewe. Watanganyika wengi wa wakati huo hawakujua kusoma. Hata hivyo, mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimfikisha Nyerere mahakamani kwa kosa la kashfa, kwa sababu ya makala iliyowashutumu maofisa wa wilaya. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili mashuhuri kutoka Uingereza, na mwisho akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Akalipa faini.

Maofisa wale walikuwa wakisemwa kila siku, sokoni na kwenye mikutano, na wengi waliowasema hawakushtakiwa. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii tuhuma ilikuwa na tarehe, namba ya toleo na jina la mhariri. Serikali ilikuwa na njia mbili, kuijibu au kuiadhibu, na kwa kuchagua kuiadhibu iliifanya isikike mbali kuliko karatasi zile zilivyoweza kufika zenyewe. Hiyo ndiyo tabia ya andiko lenye anwani: likishatoka, hata kulinyamazia huwa ni jibu, na watu huliona.

Globu ya Jamii na wadau wake

Blogu iliyopata wasomaji wengi zaidi katika miaka ya mwanzo Tanzania haikuwa ya mpinzani wa serikali. Septemba 2005, jijini Helsinki, Ndesanjo Macha alimwonyesha mpigapicha wa habari Issa Michuzi jinsi ya kufungua blogu. Michuzi alianza na kile alichokijua, picha na maelezo mafupi chini yake: harusi, misiba, ziara za viongozi, foleni za magari, mvua ya Dar es Salaam. Wasomaji walimwita Ankal, naye akawaita wadau, na blogu yenyewe akaiita Globu ya Jamii. Kuendelea kublogu kwake kulikuwa ni “kuendeleza libeneke”. Watanzania walio Uingereza, Marekani na Ghuba, waliokuwa wakisubiri ndugu asafiri ndipo wapate gazeti la nyumbani, sasa waliona picha ya msiba wa mtaani kwao siku ile ile.

Siasa iko wapi hapo? Iko chini ya picha, kwenye maoni. Picha ya waziri akikata utepe wa barabara iliweza kuvuta wasomaji wakaanza kuuliza barabara hiyo imejengwa kwa kiasi gani, kwa nini mitaro haipo, na kwa nini ile ya mwaka jana imeshabomoka. Wengine waliitetea serikali kwa nguvu zao zote. Mdau wa Mwanza alimjibu mdau wa London, na hakuna kati yao aliyekuwa amealikwa na mwenyekiti wa mkutano wala kupewa dakika 3 za kuzungumza. Naona hapa palifanyika kazi ambayo wachambuzi wa siasa huipuuza kwa sababu haina kelele: watu walizoea kuuliza jambo la umma hadharani, kwa maandishi, na kusubiri majibu. Mtu hufika kwenye siasa akipitia jambo linalomgusa, na picha ya mtaro uliobomoka mbele ya nyumba ya mama yake humgusa kuliko ilani ya chama.

Kutoka mtandaoni hadi Mwembeyanga

Turudi kwa pingamizi la kwanza, la uchache wa wasomaji. Linachukulia kwamba habari ya mtandaoni hubaki mtandaoni, wakati habari zetu zina mnyororo wake. Andiko husomwa na watu wachache, miongoni mwao waandishi wa magazeti, wasaidizi wa wabunge na wanasheria. Gazeti huliokota. Asubuhi redio husoma vichwa vya magazeti, na dereva wa basi la mkoani ambaye hajawahi kugusa kompyuta huyasikia akiwa njiani. Kufikia adhuhuri jambo liko gengeni.

Mfano mzuri ni kashfa ya akaunti ya EPA katika Benki Kuu ya Tanzania, akaunti ya kulipia madeni ya nje ya wafanyabiashara. Kabla jambo hilo halijawa la kitaifa, madai na nyaraka zilikuwa zikizunguka mtandaoni, zikijadiliwa na watu wengi waliotumia majina ya kubuni. Septemba 2007 Dk. Wilbrod Slaa, wakati huo mbunge, alisimama kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, akasoma hadharani orodha ya majina aliyoyahusisha na ufisadi. Ukaguzi uliofuata ulionyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22, na Januari 2008 Gavana Daudi Ballali akaondolewa kazini. Itakuwa ni kujisifu kusema mtandao ndio uliomwondoa gavana. Slaa alithubutu kusema, wakaguzi walikagua, magazeti yaliandika bila kuchoka. Lakini mnyororo unahitaji pete ya kwanza, mahali ambapo madai yanaweza kuwekwa, kusomwa, kukosolewa na kuhifadhiwa kabla hajajitokeza mwenye cheo wa kuyabeba.

*Kwa ufupi: blogu hazihitaji kusomwa na wapiga kura wote. Zinahitaji kusomwa na wale wanaosikilizwa na wapiga kura, na kuwapa kitu cha kushika mkononi.*

Nairobi, Januari 2008

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi wa urais, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Nchi ikaingia gizani wakati nyumba zinaungua. Katika siku hizo Wakenya wengi, walio ndani na walio nje, waliigeukia blogu ya mwanasheria Ory Okolloh iliyoitwa Kenyan Pundit. Watu walimtumia taarifa za walichokiona, naye akaziweka. Tarehe 3 Januari aliandika akiomba wenye ujuzi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha kila mahali palipotokea ghasia, ili siku ya siku watu wasije wakasema hayakutokea. Ndani ya siku chache, pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ramani ikawa hewani. Waliiita Ushahidi. Raia aliweza kutuma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu, na baadaye programu ile ilitumika nchi nyingi, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la 2010.

Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia zile ilihesabu vifo 1,133. Blogu haikuzuia hata kimoja kati ya hivyo, na asidai mtu kwamba ilizuia. Ilichokifanya ni kulinda kumbukumbu wakati vyombo vikubwa vimefungwa mdomo. Jina lenyewe ni la Kiswahili cha mahakamani, na halikuchaguliwa ovyo: ushahidi huhitaji mahali, siku na saa. Okolloh alikwisha kuonyesha mwelekeo huo kabla ya uchaguzi, pale yeye na Conrad Akunga walipoanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia Bunge la Kenya. Mzalendo ilitegemea Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yote yanayosemwa bungeni, na kuyapanga kwa jina la kila mbunge. Maneno hayo yalikuwepo siku zote. Mwananchi wa Busia au Voi hakuwa na njia nyepesi ya kuyafikia. Yalipopewa anwani, mpiga kura aliweza kuuliza: kwa miaka 5, huyu wetu amesimama mara ngapi kutusemea?

“Lakini mtandao umejaa uongo”

Pingamizi hili ni zito kuliko la kwanza, na anayelijibu kwa kupuuza hawatendei haki walioumizwa. Kenya hiyo hiyo, mwezi huo huo, Kobia aliyesaidia kujenga Ushahidi alilazimika kulifunga jukwaa lake la mijadala, Mashada, kwa sababu lilifurika matusi ya kikabila na uchochezi. Chombo kile kile kinachohifadhi ukweli huhifadhi sumu. Kuna pia waandishi wa kukodiwa, watu wanaolipwa na wanasiasa ili wasifu upande mmoja na kuchafua mwingine, na msomaji wa kawaida hana namna ya kuona risiti.

Ninakubali yote hayo, na bado naona tofauti inayohitaji kushikiliwa. Uongo wenye anwani unaweza kurudiwa na kuonyeshwa kuwa ni uongo. Aliyeandika jana kwamba daraja limekamilika huweza kuwekewa leo, kwenye maoni ya andiko lake mwenyewe, picha ya nguzo zilizosimama peke yake mtoni. Uongo unaopita mdomo kwa mdomo, au unaosambazwa kwenye kundi la simu bila chanzo, hauna mahali pa kukamatwa. Kwa hiyo tatizo la uongo ni sababu ya kudai maandishi yenye anwani zaidi, na kuyasoma kwa makini. Msomaji akutanapo na andiko la kisiasa anaweza kujiuliza:

- Je, lina tarehe, na je, limerekebishwa kimyakimya baada ya kuchapishwa?
- Je, linataja waraka, kikao, kifungu au kiasi ambacho mtu mwingine anaweza kukitafuta?
- Je, mwandishi ameacha maoni ya wanaompinga yabaki?
- Je, mwaka jana aliandika nini kuhusu mtu huyu huyu?

Swali la mwisho ndilo kali. Mwandishi wa kukodiwa huumbuliwa na maandishi yake ya zamani. Aliyemwita mtu fisadi Machi na mkombozi Agosti, bila kueleza kilichobadilika katikati, amejitolea ushahidi mwenyewe.

Bei ya leseni

Kama kuandika mtandaoni kungekuwa kelele tupu, dola zisingehangaika nako. Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, ambayo miongoni mwa mengine inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo. Machi 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu aombe leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Maombi yalikuwa shilingi 100,000, leseni yenyewe shilingi 1,000,000, na kila mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Anayeendesha blogu bila leseni alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa kubwa la mijadala ya Kiswahili, lilisimama kwa muda. Ada zilipunguzwa miaka iliyofuata, lakini blogu nyingi ndogo zilikuwa zimekwisha kuzimika.

Serikali ilieleza kwamba inalinda jamii dhidi ya uchochezi na maadili mabovu. Hofu hiyo ina msingi, kama Mashada ilivyoonyesha, ila dawa iliyochaguliwa ilimpiga asiyestahili. Shilingi milioni 2 na zaidi kwa mwaka wa kwanza si kitu kwa mwanasiasa anayetaka kumiliki blogu ya kumsifia. Kwa mwalimu wa Kigoma anayeandika kuhusu upungufu wa madawati, ni mishahara ya miezi kadhaa. Mchochezi wa kweli haombi leseni. Hufungua ukurasa kwa jina la uongo, akichokoza hapa anahamia pale. Anayebanwa ni yule aliyeweka jina lake na anwani yake wazi, yaani yule hasa ambaye jamii ingeweza kumwita ajieleze.

Kenya mapambano yamekuwa zaidi mahakamani. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kikitumika kuwakamata walioandika maneno yaliyowaudhi wakubwa, kwa kuwa lugha yake ilikuwa pana mno hata raia asingeweza kujua lipi ni kosa. Mwaka 2018 chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda mahakamani kupinga sheria mpya ya makosa ya mtandaoni, na vifungu 26 vikasimamishwa kwa muda. Mwaka 2020 mahakama ikavirejesha. Na kuna bei isiyotajwa katika sheria yoyote. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa ajili ya maandishi yaliyomtaja afisa wa ngazi ya juu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akafa mikononi mwa polisi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Madaktari waliochunguza mwili walisema majeraha yake hayalingani na maelezo hayo.

Jina la kubuni

Hapa msomaji makini ataniuliza: ikiwa anwani ni muhimu kiasi hicho, mbona unawatetea wanaoficha majina? Jibu ni kwamba anwani ya andiko na kitambulisho cha mwandishi ni vitu viwili. Anayeweka mtandaoni nakala ya mkataba, kwa jina la kubuni, ameipa jamii kitu kinachoweza kukaguliwa hata kama yeye hajulikani, kwa kuwa mkataba una namba, saini na tarehe. Magazeti yameishi hivyo miaka yote: mhariri humjua mtoa habari, msomaji humjua mhariri. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji wake. Yeye mwenyewe alikuwa na jina, ofisi na anwani. Alikubali kusimama kizimbani ili karani wa ofisi fulani, aliyeona jambo baya na kulisema, asifukuzwe kazi au kupatwa na makubwa zaidi.

Kifungu na video

Siku hizi wengi wameziacha blogu wakahamia WhatsApp, TikTok na X. Watu wameongezeka mno, na hilo ni jema. Lakini katika mitandao hiyo, programu ya kompyuta ndiyo inayoamua nani aone nini, kwa kuangalia kinachowashika watu macho, na andiko la juzi huzama kana kwamba halikuwahi kuwepo. Pingamizi la mwisho, basi, ni kwamba mambo ya anwani yamepitwa na wakati, kwani vijana hawasomi, wanatazama.

Kilichotokea Kenya Juni 2024 kinanifanya nisikubali. Vijana waliupinga Muswada wa Fedha kwa video fupi, vichekesho na nyimbo, lakini chini ya video hizo palikuwa na muswada wenyewe. Waliupakua, wakaugawana vifungu, wakavieleza kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani: hiki kinagusa mkate, hiki kinagusa mafuta ya kupikia, hiki kinagusa gari lako. Waliorodhesha wabunge na jinsi kila mmoja alivyopiga kura, kazi ile ile ambayo Mzalendo iliianza zamani kwa wasomaji wachache. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni na watu wakauawa kwa risasi mitaani. Siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada huo. Katika wiki zile, msemaji wa serikali aliyekuja kwenye redio kusema kwamba wananchi wamepotoshwa alikuta mpigaji simu amekwisha kuutafuta ukurasa, akiuliza kifungu hiki hapa kinasemaje.